Tume ya Kumnyoosha Mheshimiwa Zuberi

Ipo nchi iitwayo Jamhuri ya Makofi. Ukibisha kwamba ipo utaulizwa kwanza unatoka wapi, kisha utaulizwa kadi yako ya chama, kwa hiyo ni afadhali usibishe. Ni nchi njema. Viongozi wake hawajakosea hata mara moja tangu uhuru, na raia wake wana viganja vigumu kama nyayo, kwa sababu daraja likizinduliwa hupiga makofi, na daraja hilohilo likianguka hupiga makofi tena, kwa kuwa limeanguka kwa utulivu.

Katika nchi hii kulikuwa na tamthilia ya televisheni iliyoitwa Kisima cha Sikitu. Ilionyeshwa kila Alhamisi jioni, na jioni hiyo posa zilisimama, vikao vya harusi viliahirishwa, na wezi wa kuku walikaa majumbani kwao, maana nao walitaka kujua. Hata umeme, ambao kwetu ni mgeni asiye na adabu, Alhamisi uliona haya kukatika.

Ilikuwa hadithi ya mjane mshona nguo, Bi. Sikitu, na waziri mmoja, Mheshimiwa Zuberi, aliyekitwaa kisima cha kijiji cha mjane huyo na kujiuzia mwenyewe. Tulipomwona Sikitu mara ya kwanza hakuweza hata kumtazama karani usoni. Alizungumza na meza. Msimu wa pili alijifunza kuuliza "kwa nini?" kwa sauti ya kunong'ona. Msimu wa tatu alishindwa kesi, akauza cherehani, akalala sakafuni kwa dada yake, akaamka na kwenda mahakamani tena. Kufikia msimu wa nne alikuwa anaweza kusimama mbele ya Zuberi na kumtazama usoni, na nchi nzima ilisimama pamoja naye, kila mtu sebuleni kwake, mlango umefungwa kwa ndani.

Watu waliipenda kwa sababu walikuwa wamechoshwa na tamthilia za zamani. Kulikuwa na ile ya daktari mwadilifu. Msimu mzima alitibu maskini bure, watu wakawapa watoto jina lake. Jioni ya mwisho akamtilia mkewe sumu bila sababu yoyote, kwa kuwa mwandishi alikuwa na haraka ya kumaliza. Kulikuwa na ile ya shangazi aliyezikwa tukamlilia, kisha akarudi kama pacha wa marehemu, amevaa gauni lilelile alilozikwa nalo. Kisima cha Sikitu hakikuwa na upuuzi huo. Kiliandikwa na Tunu Kasanzu, mwanamke mfupi, mpole wa sauti, mkaidi kama punda wa kubeba chokaa.

"Mtu habadiliki kwa kuambiwa," alipenda kusema. "Hubadilika kwa kuumia, tena polepole."

Sikitu aliigizwa na Kokushubila, tuliyemwita Koku, binti wa kata ya Mavumbi. Zuberi aliigizwa na Mzee Hamza Lupogo, mwalimu mstaafu wa jiografia. Yeye alikuwa kioja cha peke yake. Kwenye televisheni alinguruma, alitafuna paja la kuku huku akiwafukuza wajane, na watoto walijificha nyuma ya makochi. Nyumbani kwake alikuwa mtu wa kuomba radhi. Akikanyagwa aliomba radhi. Mkewe, Bi. Semeni, aliwaambia majirani kwamba mumewe akipigiwa simu kwa makosa humshukuru aliyekosea.

Basi ikajulikana kwamba msimu wa nne ndio wa mwisho, na kwamba mwishowe Zuberi atakamatwa, atahukumiwa, na atapelekwa gerezani akilia. Nchi ikahesabu Alhamisi zilizobaki kama watoto wanavyoingoja Idi.

*

Waziri wa Maji wa Jamhuri ya Makofi, Mheshimiwa Dakta Majigambo, hakuwa mtazamaji wa tamthilia. Alikuwa na kazi nyingi, hasa ile ya kueleza kwa nini hakuna maji. Mwaka huo alikuwa akieleza habari za Mavumbi, ambako bomba la kata nzima liliondoka siku moja bila kuaga. Uchunguzi wa wizara ulibaini kwamba bomba lile liliondoka kwa hiari yake, na wananchi wakaombwa kuheshimu uamuzi wake.

Mkewe ndiye aliyemwita sebuleni.

"Baba, njoo utazame. Wanakuonyesha."

Majigambo akakaa akatazama. Akaliona tumbo lake, kicheko chake, kofia yake nyeupe, na namna yake ya kuzungumza kuku akiwa mdomoni. Mtu mwingine angekana na kusema huyo si mimi. Majigambo alikuwa mkweli kuliko hapo. Kesho yake alisimama kwenye baraza la mawaziri na kulalamika hivi:

"Ndugu zangu, silalamiki kwamba Zuberi ni mwizi. Wizi ni suala pana, lina utaalamu wake, tuwaachie wataalamu. Ninachouliza ni kimoja. Kwa nini mwishoni alie? Waziri mzima wa maji, analia! Wawekezaji watatuelewaje?"

Baraza likaguswa. Mawaziri wengine walivuta leso. Siku hiyohiyo ikaundwa Tume ya Taifa ya Kunyoosha Wahusika wa Kubuni, yenye magari, ving'ora na wimbo wake. Mwenyekiti akateuliwa Profesa Ndimbo, msomi mkubwa ambaye kwa miaka mingi alikuwa kiongozi wa upinzani, hadi Jumatano moja.

*

Tunu aliitwa mbele ya Tume pamoja na waigizaji wake wawili. Waliketishwa kwenye viti vifupi, na wajumbe wakakaa kwenye viti virefu, kama inavyotakiwa na sayansi ya mashauriano.

"Ndugu mwandishi," alianza Profesa Ndimbo, "Tume imefurahishwa na kazi yako. Ina marekebisho madogo. Tunataka Zuberi awe mtu mwema."

"Lini?" aliuliza Tunu.

"Alhamisi."

"Profesa, msimu wa pili Zuberi alifukia kisima kingine na mtu yumo ndani."

"Tumeliona hilo. Tume inapendekeza ielezwe kwamba mtu huyo alikuwa akiogelea."

"Mtu habadiliki hivyo, Profesa. Nimemjenga Zuberi miaka minne, uongo juu ya uongo. Hawezi kuamka asubuhi akawa malaika. Watazamaji hawataamini."

"Hawataamini?" Profesa akavua miwani kwa huzuni. "Binti yangu, mimi Jumanne nililala nikiwa mwenyekiti wa upinzani. Nilikuwa nimeapa hadharani kwamba nitakula nyasi kabla ya kula meza moja na serikali hii. Jumatano nilikunywa chai Ikulu, na maandazi yalikuwa ya moto. Ulimsikia mtu akiuliza hatua za katikati?"

"Tuliuliza."

"Lakini hamkujibiwa. Huo ndio uandishi."

Wajumbe wakapiga makofi. Koku, aliyekuwa akijizuia tangu mwanzo, akashindwa.

"Na Sikitu wangu je?"

"Sikitu atapiga magoti mbele ya Mheshimiwa Zuberi," alisema Profesa. "Ataomba radhi kwa usumbufu wa misimu minne. Kisha atashukuru."

"Atashukuru kwa lipi?"

"Kwa kusamehewa."

"Mama yangu yuko Mavumbi," alisema Koku. "Anachota maji ya dimbwini na ng'ombe. Kila Alhamisi anamtazama Sikitu kwa jirani. Nitamwambia nini?"

"Mwambie aache kutazama televisheni kwa jirani. Ni kosa."

Tunu akasimama. Alisema hataandika, na kama wanataka Zuberi apae mbinguni watafute mwandishi mwenye ngazi. Wakamwambia hakuna tatizo, maana Tume yenyewe ina vipaji. Mzee Lupogo muda wote huo alikuwa akitikisa kichwa kukubali, kwa Profesa na kwa Tunu, kwa zamu.

Walipotoka nje Tunu alimgeukia. "Mzee, mbona hukusema hata neno?"

Lupogo akashika mikono yake miwili kama mtoto aliyevunja sahani. "Mwanangu, mimi nimezoea kusema yaliyoandikwa."

*

Mwisho mpya uliandikwa na Tume nzima kwa kupiga kura kila neno. Koma zilipelekwa kwenye kamati ndogo. Ikaamuliwa pia kwamba sehemu hiyo isionyeshwe kama nyingine, bali iigizwe moja kwa moja kwenye Uwanja wa Uhuru, mbele ya taifa, na siku hiyo iwe ya mapumziko.

Koku alikubali kwenda. Hakuwa na njia. Mkataba wake ulikuwa mikononi mwa kituo cha televisheni cha taifa, na kituo kilikuwa mikononi mwa Tume. Lakini Mheshimiwa Majigambo alipokuja kutazama mazoezi, uso ulimkunjamana.

"Huyu Lupogo anaigiza toba vizuri," alisema, "ila anatubu kama mtu wa hali ya chini. Angalia mabega yale! Nani amewahi kumwona waziri mwenye mabega yale? Nitaigiza mwenyewe."

Hakuna aliyeshtuka. Katika Makofi waziri anaweza kila kitu. Ndiyo maana hupewa wizara yoyote. Lupogo akaambiwa avue kofia nyeupe. Akaivua, akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati, akamkabidhi Mheshimiwa kwa mikono miwili.

Nyumbani Bi. Semeni alimsikiliza hadi mwisho, mwiko umesimama hewani.

"Wamekunyang'anya kazi ya miaka minne. Wewe ukasema nini?"

"Nilisema asante."

"Asante!"

"Ili yaishe, mama."

"Hamza," alisema Bi. Semeni, "kwako wewe hakuna kinachoisha. Kila ukisema yaishe, ndiyo yanaanza."

*

Siku ya siku uwanja ulijaa. Wanawake wa Mavumbi waliletwa kwa malori na kuketishwa mstari wa mbele, wamevalishwa vitenge vipya vyenye picha ya Waziri, kwa kuwa wao ndio waliotakiwa kufurahi kuliko wote. Kwaya iliimba. Profesa Ndimbo alihutubia kuhusu mchango wa mwisho mwema katika pato la taifa. Kisha Mheshimiwa Majigambo akaingia jukwaani na kofia nyeupe, na kwa kweli alifanana na Zuberi hata Lupogo, aliyekuwa akitazama nyumbani, alishika kichwa.

Koku alipiga magoti kama ilivyoandikwa. Alifungua mdomo aombe radhi. Mstari wa mbele, karibu kabisa, alikuwepo mama yake. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu, na kitenge kipya kilikuwa kinamwasha shingoni. Mama hakumkazia macho ya lawama. Alimtazama tu kama alivyomtazama Sikitu kila Alhamisi, akingoja.

"Mheshimiwa," alisema Koku, na sauti ikatoka bila ruhusa yake, "maji yetu yako wapi?"

Sentensi hiyo haikupigiwa kura na mtu yeyote. Majigambo hakujua hilo, maana alikuwa amesoma maneno yake peke yake. Zaidi ya hapo, tangu awe waziri hakuwahi kuulizwa swali ambalo hakuletewa jibu mapema. Kwa kuwa alikuwa amefurahi, na taa zilimpendeza, na alikuwa mtu mwema tangu asubuhi, alijibu kwa ukarimu.

"Maji ya Mavumbi? Yako kwa shemeji yangu kule Mlima Raha. Bomba limepita nyuma ya shule ya wasichana, likaingia kwenye bwawa lake la kuogelea. Kwani wewe ulidhani yako wapi?"

Akatabasamu, akangoja makofi.

Kwa mara ya kwanza katika historia ya Jamhuri, makofi hayakuja. Uwanja ulinyamaza hata bendera zikasikika zikipepea. Profesa Ndimbo aliruka kutoka kitini akaanza kupiga peke yake, pa, pa, pa, akawa kama mtu anayeua mbu chumbani.

*

Serikali ya Makofi si serikali ya kulala. Kabla ya wiki kwisha ilikuwa imeunda mahakama maalumu, na jaji alikuwa ameshaandika hukumu ili kesi isimcheleweshe.

Mwanasheria wa serikali alieleza mambo kwa ufasaha. Je, maneno yale yalitamkwa? Yalitamkwa, nchi nzima ilisikia, serikali haiwezi kukana masikio ya wananchi. Nani aliyatamka? Aliyekuwa na kofia nyeupe jukwaani. Na aliyekuwa na kofia nyeupe jukwaani ni nani? Ni Zuberi. Mheshimiwa Majigambo siku ile hakuwepo kabisa. Alikuwa ndani ya Zuberi, kwa kazi maalumu.

Jaji akakubali. Zuberi akapatikana na hatia ya kuiba bomba la Mavumbi. Mheshimiwa Majigambo akatunukiwa nishani ya Mwigizaji Bora wa Taifa, kwa kuigiza mwizi kwa uhalisia wa kutisha. Kuhusu bwawa la Mlima Raha, mahakama iliamua kwamba ni bwawa la kubuni. Siku mbili baadaye bwawa la kubuni lilijengewa ukuta wa kweli, wenye vipande vya chupa juu na mbwa wawili ndani.

Ikabaki shida moja. Adhabu ilikuwa kifungo cha miaka mingi, na Zuberi hakuwa na mwili. Jaji akakuna kidevu. Ndipo alipomwona Mzee Lupogo, aliyekuja kusikiliza kesi na amekaa benchi la nyuma na kikapu chake cha sokoni.

"Wewe mzee. Misimu minne, nani alikuwa akitembea na Zuberi?"

Lupogo akasimama. "Ni mimi, Mheshimiwa Jaji. Lakini siku ile nilikuwa nyumbani. Nilikuwa namenya viazi. Mke wangu ni shahidi."

"Mahakama haipingi viazi. Mahakama inauliza, mwili wa kudumu wa Zuberi ni upi?"

"Kwa maana hiyo, ni huu."

"Basi."

"Sawa," alisema Lupogo, kwa mazoea. Askari walipomshika mkono aligeuka na kusema, "Lakini..." Neno hilo lilimshangaza hata yeye. Hakuwa amewahi kulitumia mbele ya mtu mwenye joho, na hakujua linafuatwa na nini, kwa hiyo liliishia hapo.

Televisheni ya taifa ilimwonyesha akipandishwa kwenye karandinga la polisi, pingu mkononi, machozi yanamchuruzika. Na wananchi wa Makofi, watu wenye busara, walifanya nini? Walishangilia. Kwa vinyozi, kwenye vibanda vya chipsi, watu walikumbatiana. Huu ndio mwisho, walisema. Zuberi kaingia ndani, analia kama tulivyoahidiwa. Tamthilia za nyumbani nazo zimekua. Wachache waliuliza kama huyo si mwalimu Lupogo. Wakaambiwa wasiharibu utamu.

Tunu alitazama akiwa amesimama katikati ya sebule yake. Kila kitu alichokipanga kilikuwa pale: pingu, karandinga, machozi. Alizima televisheni, akaigeuza itazame ukuta.

*

Gerezani askari walimwita Lupogo Mheshimiwa, na kwa sababu hiyo walimtaka awatafutie ajira wadogo zao. Wafungwa wengine walimkwepa. Alipangwa chumba kimoja na mzee wa Mavumbi aliyeitwa Chitemo, aliyefungwa kwa kosa la kukinga maji ya mvua bila kibali.

Mzee Chitemo hakusema naye kwa muda mrefu. Kisha mchana mmoja, wakiwa wanapalilia bustani ya mkuu wa gereza, alisimamisha jembe.

"Zuberi, nikuulize. Kwa nini ulitufanyia vile?"

Lupogo akaanza kueleza alichokieleza kwa kila mtu, kwamba yeye si Zuberi, ni mwigizaji, mwalimu wa jiografia. Akamwona mwenzake ameinamisha kichwa. Mzee Chitemo alikuwa ameyasikia maelezo maisha yake yote. Ya wizara, ya wilaya, ya kata. Kila aliyeulizwa alikuwa na sababu kwa nini yeye siye.

Lupogo akayaacha maelezo yake. Halafu akasema, "Sijui, mzee mwenzangu. Nadhani ni kwa sababu hakuna aliyetuzuia."

"Hiyo," alisema Chitemo, "inaingia akilini." Akaendelea kupalilia. Tangu siku hiyo wakawa wanakula pamoja.

Tunu alipokuja kumtembelea Lupogo alimkuta amekonda lakini macho yametulia. Tunu ndiye aliyelia.

"Nilitaka Zuberi afungwe, mwalimu. Si wewe."

"Watu wameridhika?"

"Wameridhika mno."

"Hilo ndilo baya lake," alisema Lupogo. Akaegemea nondo, karibu naye. "Tunu, nasikia wanataka kunipa msamaha siku ya sikukuu ya taifa. Profesa atakuja mwenyewe. Niandikie la kumjibu. Sentensi moja tu. Mimi nikipewa maneno naweza kunguruma, wewe unanijua."

Tunu alifikiri hadi askari akamwambia muda umekwisha. Alijaribu nne au tano kichwani, zote zikawa nzuri, zote zikawa za Tunu.

"Siwezi, mwalimu," alisema. "Nikiandika mimi utakuwa unaigiza."

*

Profesa Ndimbo alifika na kamera, keki na kwaya ya gereza. Mpango ulikuwa mzuri. Zuberi angesamehewa, angemshukuru Mheshimiwa Majigambo kwa huruma yake, angekata keki, na mchezo ungeisha kwa furaha kama Tume ilivyokusudia tangu mwanzo. Bi. Semeni naye aliletwa, akapewa kiti na shada la maua ya plastiki.

"Zuberi," alisema Profesa kwa sauti ya televisheni, "taifa limekusamehe. Sema asante, utoke."

Lupogo alitazama kamera. Alimtazama mkewe. Wale waliomjua waliona mikono yake ikianza kutafutana, kama kawaida yake anapotaka kuomba radhi. Akaitenganisha, akaishusha pembeni.

"Sitoki," alisema.

"Umesemaje?"

"Nimesema sitoki, Profesa. Nikitoka kwa kusamehewa, nitakuwa nimeiba. Mimi sijaiba."

"Lakini mzee, sherehe imeandaliwa! Keki hii!"

"Mpeni aliyeiba. Naye mleteni hapa. Siku atakapoingia yeye kwa mlango ule, mimi nitatoka, na sitadai hata asante."

Haikuwa sauti ya Zuberi. Haikunguruma. Ilikuwa sauti ya mwalimu anayerudia somo kwa darasa zito. Bi. Semeni aliweka maua ya plastiki chini, polepole, akaziba mdomo kwa ncha ya khanga.

Kamera zikazimwa. Wakambembeleza. Wakamtishia kumfunga, kisha wakakumbuka alipo. Sheria za Makofi zina adhabu kwa anayetoroka gerezani, kwa anayeimba gerezani, hata kwa anayeota ndoto gerezani, lakini hazikuwa zimewahi kufikiria mtu anayekataa kutoka. Mwishowe mkuu wa gereza alitangaza kwamba mzee yule anakalia nyumba ya serikali bila haki. Askari wanne wakambeba na godoro lake, wakamweka nje ya lango.

Lupogo akakunja godoro, akalikalia.

Asubuhi iliyofuata alikuwa bado yuko. Bi. Semeni alimletea uji. Hakumwuliza atarudi lini. Alikaa naye, akajaribu kumsema kuhusu shati lake chafu, akaishia kumshika mkono. Mchana akaja Koku, ambaye alikuwa amefungiwa kuigiza na hata kucheka hadharani alitakiwa kuomba kibali. Alikuja na mama yake na wanawake wengine wa Mavumbi. Tunu akaja na mkeka. Alhamisi ilipofika, watu kadhaa waliokuwa wamezoea kukaa sebuleni jioni ile waliona hakuna cha kutazama, wakatoka wakaenda gerezani, wakakaa chini bila kusema kitu. Alhamisi iliyofuata walikuwa wengi zaidi. Televisheni ya taifa iliripoti kwamba mbele ya gereza hapakuwa na mtu, ikaonyesha ng'ombe akila majani.

Wakubwa hawakujua la kufanya. Mtu anayedai kutoka unamjua namna ya kumfungia. Huyu alikuwa nje, hadai kitu, hatukani, hana bango. Profesa Ndimbo alipita na gari lake kwa kasi, kisha akapita tena. Mheshimiwa Majigambo, inasemekana, aliacha kuvaa kofia.

Askari wa zamu langoni alikuwa kijana aitwaye Mbaruku, mtu wa kufuata amri. Alivumilia majuma kadhaa. Siku moja jua kali alishindwa, akamsogelea mzee.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba."

"Kila siku nakuona hapa. Umeachiwa, una mke, una kwako. Unangoja nini?"

Lupogo alijikinga jua kwa kiganja, akatazama barabara inayotoka mjini, ile inayopitwa na magari ya mawaziri.

"Namngoja aingie," alisema.

Mbaruku aliitazama barabara, akawatazama watu waliokaa, akaliangalia lango lake. Kisha akarudi, akatoa funguo, akalifungua lango upande mmoja, akaliegesha kwa jiwe lisijifunge.